Usukani mpya, breki ya zamani: upitishe waya upya, ununue mrefu, au urudishe usukani wa mwanzo?

Niliweka kreti la soda chini ya injini ya Honda XL125 yangu, nikainua mbele mpaka tairi likaachana na ardhi, nikalizungusha kwa mkono. Likagoma. Mkono wa breki sikuwa nimeugusa. Nikatoa kreti, pikipiki ikakaa kwa uzito wake, shokapu zikazama kidogo, nikaisukuma. Ikaenda vizuri kabisa. Nikarudisha kreti, tairi likagoma tena.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimefunga usukani mwingine, nilioupata kwa muuza spea za mtumba pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, uliopanda karibu sentimita nane kuliko ule wa kiwandani. Mgongo ulikuwa unanisumbua, na usukani ule ulinikalisha wima kama nilivyotaka. Kutoka Mwanjelwa mpaka Uyole, kila nikivuka tuta nilisikia mbele panashika kidogo, kisha panaachia. Nikadhani ni barabara.

Kumbe ilikuwa waya wa breki ya mbele, umekuwa mfupi kwa usukani ule. Tangu hapo nimesaidia kurekebisha pikipiki nyingine zenye shida ileile, za dramu (breki ya waya) na za diski (breki ya mafuta), na nimeona watu wakichagua dawa kwa kuangalia bei peke yake. Kwa anayeishi huku kwetu, hilo linanitia hofu. Ukishuka Iwambi kwenda Mbalizi, au ukirudi kutoka Chunya ukaanza kuteremka Kawetere, hakuna pa kupumzisha breki iliyofungwa kwa kubahatisha. Wenzetu wa Iringa wana Kitonga yao, na walioishuka na mzigo wanajua ninachosema.

Kabla ya kununua chochote, pima

Ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: kata usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho, uone kama waya unavutika. Ni kipimo kizuri kwa waya wa klachi, waya wa mafuta (ule wa kuongezea mwendo) na nyaya za umeme, maana hizo zinatoka kwenye usukani kwenda kwenye fremu, na fremu haizunguki. Ukikata kona injini ikapandisha mlio yenyewe, waya wa mafuta ni mfupi, na hilo nalo ni la kushughulikia siku hiyohiyo. Lakini breki ya mbele inatoka kwenye usukani kwenda kwenye gurudumu la mbele, na hivyo viwili vinazunguka pamoja. Unaweza kukata usukani mara ishirini usione tatizo lolote, labda tu kama mtu aliupitisha waya nyuma ya kitu kilichoshikwa na fremu.

Kinachovuta breki ya mbele ni shokapu zikinyooka. Ukishavuka tuta, gurudumu linashuka, umbali kati ya usukani na kitovu cha gurudumu unaongezeka, na waya mfupi hauna pa kutoa urefu huo. Kava ya nje inang'oka kidogo kwenye kikao chake pale kwenye ajasta (skrubu ya kukaza na kulegeza waya), waya wa ndani unabaki umekazwa, breki inashika. Pikipiki za mtindo wa porini kama Honda XL na Yamaha DT zina shokapu zinazosafiri mbali, kwa hiyo zinaumbuka mapema kuliko pikipiki za barabarani.

Ndiyo maana ninasema kreti kwanza. Inua mbele, tairi lining'inie, zungusha. Likiwa huru likining'inia na huru likiwa chini, urefu unatosha na tatizo lako liko kwingine. Likigoma likining'inia tu, urefu ni mdogo. Likigoma kote kuwili, pengine ajasta imebanwa mno, au ndani ya dramu kuna shida iliyokuwepo hata kabla ya usukani.

Kwa breki ya diski dalili ni tofauti. Paipu fupi haibani breki, inajikaza yenyewe: utaiona imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na mipira ya pale inapoingia kwenye chuma inaanza kupasuka. Mkono wa breki ukiwa laini kama sifongo baada ya kubadilisha usukani, hiyo ni hewa. Nitaifikia.

Kwa breki ya waya

Njia ya kwanza ni kuupitisha upya waya ulionao. Nyaya nyingi za kiwandani zimezungushwa mbele ya taa kubwa na kuingizwa kwenye vishikio viwili au vitatu. Ukiutoa kwenye kishikio kimoja na kuuelekeza kwa njia fupi zaidi, unaweza kupata sentimita mbili au tatu. Gharama yake ni mchana mmoja. Kwa usukani uliozungushwa tu kwenye vishikilio vyake, au uliopanda kidogo, mimi naichagua bila kusita. Sharti ni moja: waya usikunjike kwa kona kali. Kona kali inaongeza msuguano ndani, mkono unakuwa mzito, na waya unaanza kukatika uzi mmoja mmoja pale pale penye kona, ndani ya kava usikoona.

Njia ya pili ndiyo wengi wanaikimbilia, na ndiyo niliyoanza nayo mimi: kulegeza ajasta mpaka tairi lizunguke. Nililegeza ya juu na ya chini, tairi likawa huru juu ya kreti, nikafurahi. Nilipoishusha chini, mkono wa breki ukaja mpaka kwenye gripu kabla breki haijashika sawasawa. Mkono wa breki ya dramu unatakiwa kucheza karibu sentimita mbili hadi tatu kwenye ncha kabla ya kuanza kushika. Wangu ulikuwa unacheza zaidi ya mara mbili ya hapo. Fundi mmoja jirani aliutazama akasema, "Kaka, huu waya haudai ajasta, unadai urefu." Alisema kweli. Kulegeza ajasta kunahamisha tatizo tu: ulikuwa na breki inayoshika usipotaka, sasa una breki isiyoshika unapotaka. Katika yote nitakayoyataja hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inamdanganya mtu. Kwenye tambarare ya Uyole utaona iko sawa.

Njia ya tatu ni waya mrefu wa pikipiki nyingine. Hapa nenda dukani na waya wako mkononi, usiende na jina la pikipiki. Linganisha vitu vinne: urefu wa kava ya nje, urefu wa waya wa ndani unaobaki nje ya kava, umbo la kichwa cha juu kinachoingia kwenye mkono wa breki, na jinsi unavyofungwa chini kwenye dramu. Watu huangalia urefu wa jumla wakasahau cha pili. Kava ikiwa ndefu lakini waya wa ndani unaobaki nje ni mfupi kuliko wa kwako, breki itashika tu hata uilegeze vipi. Na kichwa kikiwa kidogo kuliko tundu lake kitachezacheza, kitakula, kitachomoka. Nilizunguka maduka matatu kabla ya kupata uliolingana, wa aina nyingine kabisa ya pikipiki, mrefu kwa sentimita tisa hivi. Ndio uliopo mpaka leo.

Njia ya nne ni kutengenezewa. Fundi anachukua waya mpya na kava mpya, anakata kwa urefu unaoutaka, anaweka kichwa na kukijaza risasi ya kuyeyusha. Kazi hii ikifanywa vizuri inashinda hata waya wa dukani, kwa sababu inapimwa kwenye pikipiki yako. Ikifanywa vibaya ndiyo inayoua. Tofauti iko kwenye kichwa. Fundi anayejua huingiza waya kwenye kichwa, kisha hufumua nyuzi za mwisho na kuzitawanya kama ua ndani ya kitundu chake, ndipo anamimina risasi. Hapo nyuzi hazirudi nyuma kirahisi hata risasi ikilegea kidogo. Asiyejua huchovya waya ulionyooka na kuutegemea uyeyusho peke yake. Mwombe akuonyeshe kabla hajamimina. Kisha kichwa kifungwe kwenye jiliwa, mvute waya kwa nguvu zenu zote wawili kabla haujaingia kwenye pikipiki.

Nikilinganisha hizi mbili za mwisho, waya wa dukani unaolingana unanipa usingizi mzuri zaidi, maana kichwa chake kimewekwa kiwandani kwa mashine. Wa kutengeneza unafaa kwa pikipiki ya zamani ambayo spea zake hazionekani tena, na kwa usukani uliopanda sana. Lakini ninauchagua kwa fundi ninayemjua tu.

Kuna jambo moja sitaliweka kwenye mizani kabisa: kuunga waya, au kuingiza waya wa baiskeli ndani ya kava ya pikipiki. Waya wa breki ya baiskeli una unene wa karibu milimita 1.5, wa pikipiki huwa karibu milimita 2.5. Unapita kirahisi na siku ya kwanza unafanya kazi. Pikipiki yenye abiria na gunia la viazi ikishuka kutoka Isyonje haibebwi na waya huo.

Jambo dogo kwa wa Rungwe na Tukuyu, ambako mvua haiishi: waya mpya upitishwe usiwe na tumbo linaloning'inia katikati. Maji yanaingia juu kwenye mkono wa breki, yanashuka, yanatuama pale, na kutu inaanza ndani.

Kwa breki ya mafuta

Shemeji yangu ana Yamaha yenye diski mbele. Alipobadilisha usukani, paipu ilifika bila kukazwa, akashukuru Mungu. Lakini mkono wa breki ukawa laini. Akaambiwa masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki iliyofungwa kwenye usukani, imekufa. Akaambiwa anunue nyingine.

Hapa ndipo watu wengi wanatupa hela. Usukani wa kiwandani umelala, na masta silinda imekaa karibu bila mwinamo. Usukani uliopanda mara nyingi unainama kuelekea kwenye gripu, kwa hiyo ncha ya ndani ya masta silinda, pale paipu inapofungwa, inakuwa juu kuliko kikombe cha mafuta. Hewa hupanda juu siku zote. Itakaa pale kwenye bolti ya paipu, na unaweza kupampu na kutoa upepo chini kwenye kalipa, ile inayobana diski, mpaka jioni isitoke. Masta silinda haina kosa.

Tuliegemeza pikipiki kwenye stendi ya pembeni, ikalalia kushoto, tukakata usukani kushoto. Masta silinda iko upande wa kulia, kwa hiyo kikombe kikawa juu na ncha ya paipu ikashuka. Shemeji akaanza kuvuta mkono wa breki polepole, sentimita moja tu, anaachia, anavuta, huku mimi nikigongagonga paipu kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini kwenda juu. Kofia ya kikombe ilikuwa wazi. Kwa dakika kama mbili hakukuwa na kitu. Kisha viputo vidogo vikaanza kutoka kwenye kitundu cha chini ya kikombe, kimoja kimoja, kikaja kikubwa kimoja kama punje ya maharage, na mkono ukawa mgumu hapohapo. Kama haukubali kwa njia hii, fungua vishikilio vya masta silinda, iinamishe kwa mkono ncha ya paipu iwe chini, urudie.

Mambo mawili kwa pikipiki kuukuu. Unapopampu, weka kipande cha mti kati ya mkono wa breki na gripu, usifike mwisho. Pistoni ya miaka mingi imezoea kufanya kazi sehemu ileile ya silinda, na mbele yake kuna uchafu na kutu. Ukiipeleka mpaka mwisho, raba yake inachanwa, na hapo ndipo masta silinda inakufa kweli. La pili, mafuta ya breki yanakula rangi. Funika tanki kwa kitambaa, na yakidondoka mwagia maji mengi mara moja.

Soma kofia ya kikombe. DOT ni daraja la mafuta ya breki: ikiandikwa DOT 4, weka DOT 4. DOT 3 na DOT 4 zote hunyonya unyevu wa hewa, na ndiyo maana huharibika hata zikikaa tu. DOT 4 mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 155 tu. DOT 3 inaanzia 205 na kuishia 140. Kwenye mteremko mrefu diski inapata moto, maji yaliyomo yanakuwa mvuke, mvuke unabanika, na mkono unalala kwenye gripu. Kwa hiyo ukishafungua mfumo kwa ajili ya usukani, usirudishe mafuta ya zamani. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo.

Sasa paipu yenyewe. Kama imefika bila kukazwa shokapu zikiwa zimenyooka, na ni nzima, iache. Lakini pikipiki ya zamani mara nyingi bado ina paipu iliyotoka nayo kiwandani, na Yamaha wenyewe huelekeza paipu za breki zibadilishwe kila miaka minne. Paipu iliyochoka huvimba ndani. Inapitisha mafuta ukibana, inakataa kuyarudisha ukiachia, na breki inabaki imeshika na kupata moto. Ikunje kwa vidole: ukiona nyufa, swali la kuitumia tena limekwisha.

Paipu mpya ya raba, ndefu, ndiyo chaguo la wengi na halina aibu. Inapatikana, bei yake inavumilika, inakunjika vizuri kupita pembeni ya taa. Paipu iliyofumwa kwa waya wa chuma inagharimu mara kadhaa ya hiyo, na kwa huku Mbeya mara nyingi utaagiza Dar na kusubiri basi. Faida yake ni kwamba haivimbi ukibana, mkono unakuwa imara na unaisikia diski vizuri zaidi. Ubaya wake, ule ufumaji unasaga kitu chochote unachogusa, tanki, waya wa taa, hata chuma cha shokapu, kwa hiyo uwe na kava ya plastiki juu yake. Kwa mtu wa safari za kawaida mjini, raba mpya inatosha kabisa. Kwa anayebeba abiria kila siku kwenye miteremko, ningemshauri asubiri basi.

Chaguo la tatu nimeliona kwa macho yangu na ninaomba usilikubali. Mji wetu una mafundi wanaobana paipu za haidroliki za matrekta na malori, na kazi yao ni nzuri sana kwa matrekta. Mtu anapeleka ncha zake za zamani, anabaniwa paipu nene, imara, yenye kuhimili presha kubwa kuliko breki ya pikipiki itakavyowahi kutoa. Lakini raba ya ndani imetengenezwa kwa ajili ya oili ya haidroliki. Mafuta ya breki ni kitu kingine, na raba ile inavimba, inalainika, inaanza kumeguka vipande vinavyokwenda kuziba vitundu vya masta silinda. Soma maandishi ya ubavuni: paipu ya breki huandikwa SAE J1401. Ukiona SAE 100R1 au 100R2, hiyo ni ya trekta, irudishe.

Kila ukifungua bolti ya paipu, weka waisha mpya za shaba, mbili kwa kila bolti, moja kila upande. Za zamani zimeshajibana kwa umbo la mwanzo na zitavuja taratibu.

Au urudishe ule wa mwanzo

Hili halipendwi, lakini ni chaguo halali. Kama duka halina waya unaolingana, fundi humwamini, na Jumatatu pikipiki inatakiwa kazini, rudisha usukani wa kiwandani wakati unatafuta. Ni bolti nne. Kuna pia njia ya kati: usukani uliopanda sentimita tatu au nne badala ya nane, ambao waya wa zamani unaufikia kwa kupitishwa upya tu. Kwa maumivu ya mgongo, ningekuwa nimejaribu huo kwanza.

Ningechagua nini

Kwa dramu, usukani uliopanda kidogo: pitisha upya. Uliopanda sana: waya wa dukani unaolingana, na usipopatikana, wa kutengeneza kwa fundi anayetawanya nyuzi. Kwa diski yenye paipu nzima inayofika: toa upepo kwa kuinamisha, badilisha mafuta, usinunue kitu. Paipu ya zamani au fupi: raba mpya, au ya chuma kama miteremko ndiyo kazi yako. Breki ya nyuma ni ya kanyagio, usukani hauihusu, ila hakikisha iko vizuri kabla hujaanza kucheza na ya mbele.

Ukimaliza, rudi kwenye kreti. Tairi lining'inie na lizunguke huru, mkono ucheze sentimita mbili hadi tatu kwa dramu, taa ya breki iwake unapobana na izime unapoachia. Jaribu kwanza pa tambarare pasipo na watu, kwa mwendo wa kutembea. Waya mpya unajinyoosha na kava inajikalia vizuri zaidi kwenye vikao vyake, kwa hiyo baada ya siku chache mkono utacheza zaidi kidogo. Wangu ulidai mizunguko mitatu ya ajasta wiki ya kwanza, na haujadai tena.